Krismasi ya shilingi 2,000 Malindi: anza na mvinje

Msomaji mmoja wa hapa mjini ameniandikia akiuliza afanye nini na shilingi 2,000, sebule ndogo yenye madirisha mawili, na watoto wanaodai mti. Nimefurahi kuulizwa, maana inaniuma kuona watu wa pwani wakinunua mapambo yaliyobuniwa kwa nyumba za nchi za baridi, na kabla ya mwaka mpya yote yako jalalani. Dada yangu, fedha hizo zinatosha na chenji itabaki. Sharti ni moja tu: pamba kwa kufuata hali ya hewa ya kwetu. Desemba kaskazi imeshaanza kuvuma, joto ni kali, hewa ina unyevu na chumvi. Pambo lisiloweza kuvumilia hayo usilinunue, hata likiuzwa bei ya kutupa.

Tuanze na mti. Mti wa plastiki wa bei nafuu huwa na matawi haba, na ukiusogeza karibu na dirisha unaanguka. Sisi tuna mvinje, ule mti wa pwani wenye majani membamba kama sindano. Wakulima wa huku hukata mvinje kwa ajili ya nguzo za kujengea, na nguzo ikishachongwa kilele hubaki chini. Omba kilele hicho, chenye urefu wa mita moja na nusu hivi, kilichosimama wima na kilichojaa matawi pande zote. Mara nyingi utapewa kwa bei ya chai. Usiende kukata Arabuko-Sokoke: ule ni msitu unaolindwa. Kichukue tarehe 22 au 23, kwa sababu mvinje uliokatwa huanza kugeuka rangi ya kahawia baada ya siku chache, na joto la sebuleni huuharakisha.

Kabla ya kuusimamisha, kata tena kitako cha shina, sentimita mbili hivi, kwa mshazari, ili upate kunywa maji. Utahitaji ndoo ya lita 20 isiyo na tundu. Iweke kwanza pale pale mti utakapokaa, kwa kuwa ikishatiwa mchanga hupita kilo 20 na hutaiburuta bila kukwaruza sakafu. Simamisha shina katikati, libane kwa mawe matatu makubwa, kisha mimina mchanga hadi robo tatu ya ndoo. Hapa ndipo wengi huharibu: wanazoa mchanga wa ufuoni. Ule una chumvi, na tawi linalokunywa maji ya chumvi hunyauka upesi. Tumia mchanga wa kujengea unaotoka mtoni. Umwagilie lita moja ya maji baridi kila asubuhi, na ukiugusa uwe na unyevu bila maji kusimama juu. Maji yakisimama, mbu watazaa humo.

Weka mti pembeni, mbali na dirisha la upande wa kaskazi na mbali na feni. Kisha funga mshipi wa kuvulia, ule mwembamba usioonekana, kutoka theluthi ya juu ya shina hadi kwenye grili ya dirisha la pili. Fundo moja hilo ndilo linalouzuia mti usimwangukie mtoto.

Matawi ya mvinje ni laini mno. Ukitundika mipira ya glasi yatalala, na mti utaonekana umechoka. Vinavyofaa ni vitu vyepesi, na vyote utavipata hapa hapa. Chini ya mvinje mkubwa wowote pana yale matunda yake madogo ya mviringo, magumu, ukubwa wa zabibu. Okota vikombe viwili. Yaanike juani siku tatu juu ya gazeti kabla ya kuyatumia, kwa sababu yakiwa mabichi yatafunguka yakiwa sebuleni na kumwaga mbegu kila mahali. Usijaribu kuyatoboa, sindano itavunjika. Yafunge matatu matatu kwa uzi mwekundu wa pamba.

Nyota zisuke kwa miyaa, ile ile ya kusukia mikeka. Chukua utepe wa sentimita 60, upana wa kidole, uloweke nusu saa. Mkavu hupasuka kwenye kona, nawe utailaumu mikono yako bure. Bila kuukata, tia alama za sehemu tano za sentimita 11, kunja kwenye kila alama, na kila sehemu inapokutana na nyingine ipishe: juu, chini, juu, chini. Upishanaji huo ndio unaoishika nyota isifumuke. Sentimita tano zinazobaki zichomeke nyuma ya kona ya kwanza na uzifunge kwa uzi. Ilaze chini ya kitabu kizito usiku kucha, la sivyo ikikauka itajikunja. Nyota 12 zinautosha mti huo. Ukiongeza, utauficha mvinje wenyewe, na mvinje ndio uzuri.

Usitundike kitu chochote kwa klipu za chuma au waya mtupu. Chumvi ya hewani huvitia kutu upesi, na kutu huacha alama isiyotoka kwenye kitambaa. Uzi unatosha.

Pesa yako nyingi iende kwenye taa, maana taa ndizo zinazopendezesha chumba usiku. Nunua mnyororo mmoja wa LED wa rangi moja, ile ya manjano ya kandili. Zile za rangi nyingi zinazometameta huchosha macho, na chumba kidogo hukosa utulivu. Mwambie muuzaji aziwashe mbele yako dakika kumi, kisha gusa kile kisanduku kidogo cha kubadilishia mwako. Kikiwa cha moto, mrudishie. Plagi yake ikiwa ya miguu miwili, nunua na adapta; tafadhali usichomeke kwa nguvu ukisaidiwa na kalamu, ni hatari. Kuhusu umeme usiwe na hofu: mnyororo wa wati 5 ukiwaka saa sita kila usiku kwa siku 12 hautafika hata nusu ya uniti ya tokeni. Zipange kuanzia karibu na shina kuelekea nje, ili mwanga utokee ndani ya matawi. Na zibaki ndani ya nyumba. Barazani chumvi itakula nyaya.

Mishumaa isikaribie mti. Mvinje ukikauka hushika moto haraka, na penye paa la makuti sihitaji kueleza zaidi.

Ndoo ifunike kwa leso. Ikiwa unalo gora jekundu, yaani jozi ya leso, kabatini, kipande kimoja kizungushie ndoo na cha pili kitandike mezani, pindo likionekana ukingoni. Rangi ziwe tatu tu chumba kizima: kijani cha mvinje, nyekundu, na rangi ya miyaa. Hili silegezi kamba. Sebule nyingi huharibika kwa rangi ya nne.

Ukutani usibandike kitu kwa selotepu. Kwenye ukuta wa chokaa huanguka usiku ule ule na kuondoka na chokaa. Vuta uzi kutoka grili hadi grili na uning'inize nyota hapo. Bogenvilia nyekundu ni nzuri mezani, lakini matawi yake yatiwe majini mara yanapokatwa, na uyabadilishe matawi hayo kila siku mbili. Vipande vya machungwa makavu vinavyosifiwa mitandaoni viache, kwa unyevu wetu huota ukungu. Pamba ya kuigiza theluji nayo iache dukani. Na makombe ya baharini yabaki baharini: hifadhi yetu ya bahari imekuwapo tangu 1968, na kuyachukua humo ni kosa.

Tarehe 6 Januari ondoa kila kitu. Taa zizungushe kwenye kipande cha katoni zisisokotane, nyota zianike juani saa mbili zitoke unyevu, kisha tia vyote kwenye mkebe wa biskuti wenye kifuniko cha kubana na uweke juu ya kabati, mbali na sakafu. Mvinje ukatekate, ni kuni nzuri sana.