Leyland Atlantean: usianzie 1958

Ndugu, umeuliza kama makala yako kuhusu basi la ghorofa la Leyland Atlantean ianzie 1958, lilipoanza kubeba abiria kule Wallasey, Uingereza. Ukianzia hapo utamu wote utakuwa umeuruka. Rudi 1952.

Mwaka huo Leyland, kampuni iliyounda Atlantean, walitoa basi la majaribio lenye injini nyuma, ila mlango wakauacha kulekule nyuma, kama mabasi mengi ya ghorofa ya enzi hizo. Injini na abiria wakawa wanagombea kona moja! Kilichowafungulia njia ni sheria: mwaka 1956 basi la ghorofa la ekseli mbili liliruhusiwa kufika urefu wa futi 30, kutoka 27. Mlango ukahamia mbele kabisa, ukatangulia tairi za mbele, dereva akawa anamwona kila anayepanda. Injini ikawekwa kwa upana, nyuma ya ekseli ya nyuma. Viti vikafika 78. Hapo ndipo ungetumia aya zako nyingi.

Usilisifie tu, maana yale ya mwanzo yaliwasumbua mafundi. London Transport, waendeshaji wa mabasi ya jiji la London, walinunua 50 mwaka 1965, na bado wakaendelea kupokea mabasi yao ya Routemaster, ya ghorofa yenye injini mbele.

Na tafadhali, usiandike kwamba lilibuniwa ili kumwondoa kondakta. Ruhusa ya dereva kufanya kazi peke yake kwenye basi la ghorofa ilikuja 1966, Atlantean likiwa tayari lina miaka kadhaa barabarani.