Re: Eka tatu zetu Wete, udongo unaondoka

Sheikh, umeuliza msaada uupate wapi maana kila masika udongo wa konde la marehemu babu yako unateremka bondeni. Anza kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, akuandikie barua, kisha bwana shamba na watu wa misitu, miche ya mikarafuu serikali huwa inatoa bure ila wahi kabla ya mvua. Shirika la Community Forests Pemba nao kazi yao ndo hiyo, kilimo msitu na viungo. Mi ningepanda minanasi kwa mistari ya kukingama mteremko izuie udongo, na miti ya gilirisidia, ikishika unapandisha pilipili manga juu yake, migomba iwe kivuli cha mikarafuu michanga. Na mkarafuu usikate bila kibali, sheria ya karafuu ya Zanzibar ya 2014 haina utani.