Maswali ya Wasomaji: Pete Miguuni mwa Ndege Wahamaji

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo na kwetu ni Voi. Nimesikia kwamba kila mwaka, wakati wa mvua za vuli, watu hukusanyika kwenye hoteli ya Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, wakanasa ndege usiku kwa nyavu na kuwavisha pete. Je, ndege hawaumii? Na mtu asiye mtaalamu kama mimi anaweza kujitolea?
– Msomaji, Voi

JIBU: Marahaba. Uliyoyasikia ni kweli, na ni fahari kwa wenyeji wa Taita Taveta kwamba mojawapo ya kazi za aina hii zinazojulikana zaidi barani Afrika hufanyika karibu nao.

Hoteli ya Ngulia imejengwa ukingoni mwa mteremko mkali. Ilipofunguliwa mwaka 1969 iliwekewa taa kali ili wageni waweze kuwaona wanyama wanaokuja kunywa maji usiku. Mwezi wa Novemba na Desemba ndio wakati ambapo ndege wadogo waliozaliana Ulaya na Asia hupita mashariki mwa Kenya wakielekea kusini, na wengi wao husafiri usiku. Anga ikiwa safi, au mwezi ukiwa unang'aa, hupita juu bila mtu kujua. Lakini katika siku za giza, ukungu unapotanda juu ya vilima, huvutwa na mwanga wa taa, hupotewa na mwelekeo na kushuka vichakani kwa mamia, na mara nyingine kwa maelfu. Uvishaji wa pete ulianza mwaka huohuo wa 1969, ukaongozwa kwa miongo mingi na David Pearson na Graeme Backhurst, na hadi sasa ndege wahamaji waliovishwa pete mahali hapo wamezidi 400,000.

Sehemu kubwa ya ndege hao ni wa aina tatu, ambazo wataalamu huziita Acrocephalus palustris, Luscinia luscinia na Curruca communis. Huyo wa kwanza ni ndege wa rangi ya kahawia isiyovutia macho, mwenye uzito wa gramu 11 hivi, na mtu anaweza kumwona kila siku asimtambue. Hata hivyo, mwaka 1979 mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alionyesha kwamba dume mmoja huiga katika wimbo wake sauti za aina 76 za ndege kwa wastani, na zaidi ya nusu yake ni ndege wa Afrika. Anapoimba kandokando ya mto huko Ubelgiji, anarudia sauti alizozisikia kwetu. Pete, yenye nambari yake, ndiyo inayoongeza kile ambacho wimbo hauwezi kutoa, yaani tarehe na mahali hasa ambapo ndege huyo mmoja alipita.

Kuhusu kuumia, sitakuficha: hatari ipo, na yeyote atakayekuambia kwamba haipo usimfuate. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu vituo vya Marekani na Kanada ulikuta kwamba katika kila ndege 1,000 walionaswa kwa nyavu, waliokufa hawakufika 3 na waliojeruhiwa walikuwa takriban 6. Idadi hiyo ni ndogo kwa sababu watu waliofanya kazi hiyo walikuwa wamefunzwa na walifuata masharti kwa ukali. Nyavu ni nyembamba sana, kwa kawaida zina urefu wa mita 12 au pungufu, nazo hukaguliwa kila baada ya nusu saa au mapema zaidi. Jua likiwa kali, mvua ikinyesha, au siafu wakionekana chini ya wavu, hufungwa mara moja. Ndege hutiwa katika mfuko wa kitambaa cha pamba, kwa kuwa gizani hutulia. Anapotolewa hushikwa shingo yake ikiwa katikati ya vidole viwili na mgongo ukiegemea kiganja, bila kukazwa kifuani hata kidogo. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Hupumua kwa kusogeza mfupa wa kifua, hivyo mkono unaombana kwa kuogopa asitoroke unaweza kumuua huku mwenye mkono akidhani anamtunza. Heri atoroke bila pete.

Baada ya hapo kazi huenda kwa utaratibu uleule kwa kila ndege. Pete ya aluminiamu ya saizi inayofaa hufungwa mguuni kwa koleo maalumu, iweze kuzunguka bila kukwaruza na bila kuteleza hadi kwenye vidole. Bawa hupimwa kwa rula. Umri hukadiriwa kwa kuangalia uchakavu wa manyoya na, kwa baadhi ya aina, rangi ya jicho. Manyoya ya kifuani hupulizwa taratibu yatengane, na chini ya ngozi huonekana mafuta ya rangi ya manjano, ambayo ndiyo akiba ya safari iliyobaki. Kisha ndege hupimwa uzito na kuachiwa.

Sasa nije kwenye swali lako la pili. Ndiyo, unaweza kujitolea, lakini usitarajie kushika ndege siku ya kwanza. Mtu mpya hubeba mifuko, hushika tochi, hufunga na kufungua nyavu, na zaidi ya yote huandika. Wengi huiona kazi ya kuandika kuwa ya kumsubirisha mtu, nami sikubaliani nao kabisa. Usiku wenye ukungu mzito unaweza kuleta ndege zaidi ya 1,000, na tarakimu moja iliyokosewa saa kumi alfajiri huweza kumfanya ndege aliyepita Tsavo asomeke siku moja kuwa ni mwingine kabisa. Mwandishi anayemwomba mwenzake arudie nambari, bila kuona haya, huilinda taarifa ambayo bila hiyo ndege amesumbuliwa bure. Vilevile usivutwe na hesabu ya nani amevisha pete ndege wengi. Nyavu zikijaa kuliko mikono iliyopo, kiongozi mwenye busara hufunga baadhi yake hata kama ukungu ni mzuri na usiku kama huo haurudi mpaka mwaka ujao.

Kwa njia ya kuanza, jiunge na Nature Kenya, chama kilichotokana na jumuiya ya historia ya viumbe iliyoanzishwa mwaka 1909, chenye makao katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Kwa watu wa Pwani, shirika la A Rocha Kenya lililoko Watamu huvisha pete ndege, wakiwemo wale wa ufukweni katika hori ya Mida. Kabla ya yote jifunze kuwatambua ndege wa nyumbani kwenu kwa darubini, kwa kuwa ukijua kumtambua ndege kichakani, mafunzo ya mkononi huenda haraka. Na tafadhali usijaribu kunasa ndege peke yako. Kazi hii inahitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori na msimamizi aliyeidhinishwa. Kwa majirani zetu wa Tanzania, utafiti wa wanyamapori huratibiwa na TAWIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania.

SWALI: Mhariri, mwanangu ameokota mbayuwayu aliyekufa karibu na shamba letu, akiwa na pete yenye herufi, nambari na neno Helsinki. Majirani wanasema ni kifaa cha kijasusi na tukitupe mbali. Tufanye nini?
– Mama wa Muheza

JIBU: Msiitupe, Mama. Pete hiyo ni kipande cha bati jepesi chenye maandishi tu. Haina betri wala haitoi sauti. Hofu ya majirani inaeleweka, kwani yamewahi kutokea mambo ya namna hiyo: mwaka 2011 tumbusi aliyekuwa na alama za chuo kikuu cha Tel Aviv alishikiliwa Saudi Arabia kwa kushukiwa ujasusi, na mwaka 2013 korongo aliyekuwa na kifaa cha kufuatilia safari yake alizuiliwa Misri. Wote wawili walikuwa ndege wa watafiti.

Helsinki ni mji mkuu wa Finland, na makumbusho ya huko ndiyo husimamia pete za nchi hiyo. Iandikeni nambari yote pamoja na herufi zake, mkiipiga picha pia. Andikeni tarehe, jina la kijiji na la mji wa karibu, na jinsi alivyokufa kama mnajua: ameuawa na paka, amegonga waya, au amekutwa tu chini. Tumeni habari hizo kwa anwani iliyo kwenye pete, au kwa Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, nao watazifikisha. Kwa kawaida aliyeripoti hujibiwa na kuelezwa ndege huyo alivishwa pete wapi na lini. Siku nyingine mkimkuta ndege aliye hai, isomeni pete bila kuitoa, kisha mwachilieni.

Na mwanao apewe heshima yake. Mwaka 1911 mtu aitwaye John Masefield alimvisha mbayuwayu pete huko Staffordshire, Uingereza, na mwezi Desemba 1912 ndege huyo akaonekana Natal, Afrika Kusini. Habari hiyo ilithibitisha kwamba mbayuwayu wa Uingereza hufika kusini kabisa mwa bara letu, na ilijulikana kwa sababu mtu wa huku alichukua kalamu akaandika barua.

SWALI: Siku hizi kuna vifaa vya setilaiti vinavyoonyesha ndege alipo kila saa. Kuna haja gani tena ya pete?
– Msomaji, Malindi

JIBU: Kwa korongo na tai vifaa hivyo ni hazina. Kwa ndege wa gramu 11 mambo ni tofauti, kwa sababu watafiti wengi hawaruhusu mzigo unaozidi asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa ndege, na hiyo ni kama nusu gramu tu. Vipo vidude vyepesi vinavyorekodi mwanga wa mchana ili kukadiria njia, lakini vingi ni lazima ndege anaswe tena ndipo visomwe.

Tena kifaa kinaeleza safari ya ndege mmoja, ilhali nyavu zinazotegwa mahali palepale mwaka hadi mwaka hueleza habari za kundi zima: makinda ni wangapi kwa kila mzazi, wamebeba mafuta kiasi gani, na ni aina ipi inayopungua. Mfano ni Acrocephalus griseldis, ambaye huzaliana hasa katika vinamasi vya Iraki na kuja Afrika Mashariki wakati kwao ni baridi. Miaka ya 1990 vinamasi hivyo vilikaushwa kwa makusudi, na sehemu yake ikarudishiwa maji kuanzia mwaka 2003. Ndege huyo yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na Ngulia ni mojawapo ya sehemu chache ambapo anaweza kuhesabiwa kila msimu akiwa safarini. Kwa sababu hiyo nyavu hutegwa mahali palepale na kwa miezi ileile, ili hesabu ya mwaka huu ilinganishwe kwa haki na ya miaka iliyotangulia.