Nilipitwa cheo, na nikanyamaza pale nilipotakiwa kusema

Mleta mada, umesema umenyimwa nafasi uliyoisubiri, ikapewa mtu uliyemfundisha kazi kwa mikono yako, na mzee wa kanisa akakwambia "usitake makuu". Unauliza kama kutaka kupanda ni dhambi. Ngoja nikueleze yaliyonikuta, halafu upime mwenyewe.

Nami nilipitwa hivyo hivyo. Miezi kadhaa nikawa naenda kazini kama mtu anayekwenda msibani. Jumapili kwaya, Jumatatu salamu ya mdomo tu kwa yule bosi mpya. Usiku mmoja, kesho yake kuna kikao kikubwa, akanitumia ripoti yake niipitie. Ukurasa wa nne, jedwali la matumizi, jumla ya chini haikukaa sawa: mwezi mmoja ulihesabiwa mara mbili. Niliona papo hapo. Nikakaa nalo, nikiangalia ile tarakimu, kisha nikamjibu: "Iko vizuri, kila la heri." Nikapiga magoti, nikasali, nikalala. Ile sala inanitia aibu kuliko hata lile jibu.

Kikaoni mkubwa mmoja akapiga hesabu pale pale, akauliza. Jamaa akaitazama karatasi, akafuta jasho juu ya mdomo kwa kidole gumba, akasema, "Kosa ni langu, nitarekebisha." Angeweza kunitaja kwamba niliipitia. Hakunitaja.

Sasa turudi kwa mzee wako. Nadhani anatoa lile neno katika Yeremia 45:5: "Je! Unajitafutia mambo makuu? Usiyatafute." Lakini soma sura yote, ni fupi mno. Anayeambiwa ni Baruku, mwandishi aliyekuwa akiandika maneno ya Yeremia kwa wino, neno kwa neno, naye analalamika kwamba amechoka na hapati raha. Gombo lile lile mfalme Yehoyakimu alikuja kulikata vipande na kulitia motoni, na Baruku akaanza kuandika upya. Halafu kuna Seraya, naye mwana wa Neria kama Baruku, ambaye baadaye tunamkuta na cheo kwa mfalme Sedekia. Mmoja na wakubwa, mwingine na kalamu. Baruku haahidiwi cheo chochote, anaahidiwa uhai wake tu, kwa sababu nchi nzima ilikuwa inakwenda kubomoka. Lilikuwa neno la mtu mmoja katika saa mbaya. Kulifanya sheria ya kumzuia kila Mkristo asiombe kazi kubwa, mimi naona ni kulionea andiko.

Maana Paulo huyo huyo tunayemnukuu kila siku anasema mtu akitaka kazi ya askofu, anatamani kazi njema (1 Timotheo 3:1). Na Yakobo na Yohana walipoomba viti vya kuume na kushoto, Yesu hakuwaambia waache kutaka ukubwa, aliwaonyesha njia yake: utumishi. Wale wanafunzi kumi wengine waliowakasirikia huwa tunawasifu bure. Mimi nadhani iliwauma kutanguliwa.

Kwangu mimi, kilichoniumbua hakikuwa kutaka cheo. Ni kile nilichokuwa tayari kukinyamazia ili mwenzangu aanguke. Daudi alikata pindo la vazi la Sauli, mfalme aliyekuwa akimwinda, pangoni, kitambaa tu, na moyo wake ukamchoma (1 Samweli 24). Mimi nilikata zaidi ya pindo na nikalala usingizi. Kwa hiyo usihangaike sana kujiuliza kama unataka makuu. Jiulize siku hizi unamwombea huyo mwenzako nini, kimoyomoyo, anaposimama kuzungumza.

Nilichelewa wiki mbili kabla ya kumfuata. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuanzia, yakapotea, nikasema tu, "Lile kosa la ukurasa wa nne nililiona." Akaendelea kupanga karatasi zake.

"Najua," akasema. "Ulikaa na ile ripoti dakika arobaini kabla ya kunijibu. Mtu hakai hivyo na kitu kilicho vizuri."

Cheo sijapata hadi leo. Ripoti zake bado ananitumia, na mimi huzipiga hesabu upya kwa kalamu, mstari kwa mstari.