Nembo ya podikasti: jina la biashara halitoshi
Ndugu unayeuliza kama cheti cha jina la biashara kinalinda na nembo ya podikasti yako: hapana, hakilindi. Nembo inaombewa peke yake kama alama ya huduma, BRELA hao hao wanaosajili majina ya biashara Tanzania Bara, kwa ORS, mfumo wao wa usajili mtandaoni. Hupandi treni kwenda Dar, unahitaji namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) tu. Podikasti ya masomo inaingia daraja la 41 kwenye orodha ya aina za bidhaa na huduma, yaani elimu na burudani. Yetu ya Kemia hapa Ujiji ina samaki mgebuka aliyevaa hedifoni, tuliombea mchoro pamoja na jina, maana neno "Elimu" tupu hupewi uwe nalo peke yako. Nembo ikikubaliwa inatangazwa, watu wana siku 60 za kupinga. Inadumu miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10. Zanzibar unaomba upya, kwa BPRA, wakala wa usajili wa huko.