Kwaya ituimbishe, isituimbie

Swali la juma hili lilikuwa: Jumapili kanisani, kwaya hukusaidia kuabudu au hukugeuza mtazamaji? Naimba besi katika kwaya ya kanisa la Episkopali, yaani Waanglikana wa huku Marekani, kwa hiyo nina upande, ila jibu langu huenda lisiwafurahishe wanakwaya wenzangu. Kazi ya kwanza ya kwaya ni kuwaimbisha watu. Ikishindwa hapo, wimbo wake maalumu uwe mtamu namna gani, haijafanya kazi yake.

Wala sisemi kwamba bila muziki hakuna ibada. Makanisa mengi ya Episkopali huwa na ibada mbili Jumapili, na ile ya mapema, aghalabu saa mbili asubuhi, mara nyingi haina wimbo hata mmoja. Sala zinasomwa, watu wanashiriki Meza ya Bwana, wanakwenda zao. Wanaoipenda hawakubali kuiacha, nami sioni wamepungukiwa nini. Basi sisi wa ibada ya pili, maadamu tumechagua kuimba, tuimbe wote.

Vitabu vyenyewe vimetengenezwa kwa nia hiyo. Kitabu cha nyimbo kilichopo kwenye mabenchi kilipitishwa na Mkutano Mkuu wa kanisa mwaka 1982 na kuchapishwa 1985. Kina nyimbo 720, na maneno yamepangwa chini ya noti, hivyo hata asiyesoma noti anaona sauti inapanda wapi na kushuka wapi. Mbele kabisa kuna tuni mbalimbali za Utukufu, Mtakatifu na Mwanakondoo, yaani sehemu za ibada ambazo maneno yake hayabadiliki, na hapo ndipo penye ugomvi wangu. Kanisa moja nililowahi kuimba lilikuwa likibadilisha tuni ya Mtakatifu kila baada ya majuma machache. Watu wakianza kuizoea, inaondolewa! Ikawa kwaya inaimba peke yake na waumini wamesimama vitabu mikononi, midomo imefungwa. Tuni moja ikae msimu mzima, hata mtoto aijue kwa kichwa. Na kwa kuwa kanuni za kanisa zinampa kasisi neno la mwisho katika mambo ya muziki, lawama zote asibebeshwe mpiga kinanda.

Kipimo changu cha kwaya ni zaburi. Katika Kitabu cha Sala cha 1979, kila mstari wa zaburi una kinyota katikati. Hapo mnatulia kidogo, mnavuta pumzi pamoja, kisha mnamalizia nusu ya pili. Zaburi ikiimbwa kwa mtindo wa Kianglikana, maneno mengi hubebwa na noti moja, na sauti hugeuka tu mwishoni mwa kila nusu. Si vigumu, mradi mwende kwa mwendo wa kusema. Kwaya inayokimbia kinyota huwaacha watu nyuma, na mgeni aliyejaribu mstari wa kwanza hajaribu wa pili. Ikipumua sawasawa, kufika mstari wa nne benchi la nyuma nalo limeingia, tena bila mtu kuinua mkono kuwaongoza.

Wimbo wa kwaya peke yake wakati wa matoleo naukubali, na siku hizo tunafanya mazoezi hadi koo zinakauka. Makofi baada yake siyapendi, ingawa mahali pengine yamekuwa desturi.

Ibada ikishafungwa, mpiga kinanda hupiga muziki wa kutokea, na pengine ndio mgumu kuliko yote aliyoipiga asubuhi hiyo. Anaipigia migongo ya watu wanaokwenda ukumbini kunywa kahawa. Hapo ndipo pekee ninapokubali kuwa mtazamaji. Nakaa mpaka noti ya mwisho, na wenzangu wakiuliza mbona nimechelewa, nawaambia wanimiminie tu.