Jibu: Kosa 1719 kila ukifungua faili la .msi
Habari ndugu. Umesema Windows 10 yako inatoa kosa 1719 kwa kila faili la .msi (faili la kusakinisha programu), na unatafuta Windows Installer mpya ya kupakua, yaani huduma ya Windows inayofungua mafaili hayo. Usihangaike: tangu Windows 7, toleo la 5.0 limo ndani ya mfumo wenyewe. Kifurushi cha 4.5 unachokiona mtandaoni ni cha enzi za XP na Vista.

Kwanza angalia kama umewasha kompyuta katika hali salama (Safe Mode). Huko Windows Installer haifanyi kazi.

Kabla ya kugusa kitu, weka pointi ya kurejesha, yaani kumbukumbu ya hali ya mfumo unayoweza kuirudia. Bonyeza Windows+R, andika sysdm.cpl, fungua System Protection. Diski C ikisoma Off (mara nyingi ndivyo), iwashe kupitia Configure, kisha Create.

Sasa fungua cmd (dirisha la kuandika amri) kama msimamizi, andika msiexec /unregister, halafu msiexec /regserver. Amri hizi, zinazosajili upya Windows Installer, hazitaonyesha ujumbe wowote, ni kawaida. Zima na uwashe. Kosa likiendelea, endesha sfc /scannow kwenye cmd hiyo; hukagua na kutengeneza mafaili ya mfumo.

Mambo yakiharibika, bonyeza Windows+R, andika rstrui (hufungua System Restore) uchague pointi ile. Nyaraka na picha hazitaguswa, ila programu ulizoweka baada ya pointi hiyo zitaondoka. Na tafadhali, chaja iwe imechomekwa: umeme ukikatika katikati ya kurejesha, Windows inaweza isiwake kabisa.